Orodha za Msamiati wa Kiingereza Tangu 1921: Zilitungiwa Nani?

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kongo hukutana na Kiingereza akiwa tayari na lugha kadhaa kinywani. Kuna lugha ya nyumbani. Kuna Kiswahili, upande wa mashariki na kusini-mashariki mwa nchi. Tena kuna Kifaransa, lugha ya masomo yake. Kiingereza huja nyuma ya hizo zote, na mara nyingi huja kwa haraka. Vitabu vingi vya fani yake havikutafsiriwa, na tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haja ya kusoma na kuandika lugha hiyo imezidi. Shauri analopewa kwanza ni moja: aongeze msamiati. Naye hutafuta orodha ya maneno, huinakili daftarini, kisha huanza kuyakariri tangu la kwanza hadi nguvu zinapomwishia.

Orodha hizo hazikushuka zenyewe. Zilitungwa na watu wanaojulikana, mahali panapojulikana, ili kutatua shida za wanafunzi waliokuwa mbele ya macho yao. Lengo la makala haya ni kueleza jinsi orodha kuu za msamiati wa Kiingereza zilivyozaliwa kati ya mwaka 1921 na mwaka 2000, na kuuliza zilitungiwa nani. Hoja inayotetewa ni kwamba mpango wa maneno, yaani lipi litangulie na lipi lifuate, hufuata lugha ambazo mwanafunzi anazijua tayari. Kwa mwanafunzi wa Kongo, basi, mpango uliorithiwa hauna budi kupimwa upya, na mahali pengine kupinduliwa.

2. Mwanzo wa kuhesabu

Fikra ya kuhesabu maneno haikuanzia katika ufundishaji wa lugha za kigeni. Huko Ujerumani, F. W. Kaeding alisimamia hesabu ya maneno yapatayo milioni 11 ya Kijerumani, iliyochapishwa mwishoni mwa karne ya 19, kwa ajili ya waandishi wa hati mkato. Mwandishi wa aina hiyo alihitaji kujua maneno yanayorudi mara nyingi ili ayapatie alama fupi.

Nchini Marekani, Edward L. Thorndike wa Teachers College, Chuo Kikuu cha Columbia, alichapisha mwaka 1921 kitabu cha maneno 10,000 kwa ajili ya walimu. Alipata maneno hayo kwa kuhesabu maandishi yenye jumla ya maneno zaidi ya milioni nne. Kazi hiyo iliendelezwa, hata mwaka 1944 yeye na Irving Lorge wakatoa orodha ya maneno 30,000. Hesabu zote zilifanywa kwa mkono, karatasi baada ya karatasi.

Mambo mawili yafaa kukumbukwa hapa. Kwanza, Thorndike aliwalenga watoto wa Marekani waliozaliwa ndani ya Kiingereza. Alitaka mwalimu ajue maneno ambayo mtoto atakutana nayo katika kusoma. Pili, sehemu kubwa ya maandishi aliyoyahesabu mwaka 1921 ilikuwa Biblia na vitabu bora vya fasihi ya Kiingereza. Kwa hiyo neno la kitabuni la zamani liliweza kupata cheo cha juu, na neno la sokoni likabaki chini. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini ilikuwa hesabu ya rafu fulani ya vitabu.

3. Dacca: mtoto atakayeacha shule

Mtu wa kwanza kuigeuza hesabu hiyo iwe chombo cha mwanafunzi wa kigeni kwa mapana alikuwa Michael West (1888–1973). Mwingereza huyo aliingia katika idara ya elimu ya serikali ya kikoloni nchini India mwaka 1912, akafanya kazi Bengal, na baadaye akaongoza chuo cha ualimu mjini Dacca, ambao leo ni Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Mwaka 1926 alitoa utafiti wake juu ya hali ya lugha mbili katika Bengal.

Alichokiona West ni kwamba watoto wengi walianza Kiingereza na kuacha shule kabla ya kufika mwisho wa mpango. Mafunzo yalikuwa yamepangwa kana kwamba kila mtoto angefika juu. Yule aliyeondoka baada ya miaka miwili au mitatu aliondoka mikono mitupu: hakuweza kusema, wala kusoma kitabu. West aliazima mfano kutoka kwa watu wa bima. Mtu anayeacha kulipa bima kabla ya muda wake hapotezi yote. Hurudishiwa sehemu ya alichoweka. Vivyo hivyo, West alisema, kila hatua ya somo ingepaswa kumwachia mtoto kitu cha kumfaa, hata kama asingerudi tena darasani.

Kwa maoni yake, kitu hicho kilikuwa uwezo wa kusoma. Akavitazama upya vitabu vya kusomea vilivyotumika Bengal, akaona vimejaa maneno ya kale na ya kishairi, yaliyomiminwa mengi kwa pamoja. Katika vitabu vyake mwenyewe alifuata kanuni mbili. Ya kwanza ni kuteua: neno la nadra liondolewe, liwekwe la kawaida. Ya pili ni kutawanya: neno jipya lije likiwa limezungukwa na mengi yanayojulikana, kisha lirudiwe mara kadhaa kabla ya jingine kuingia. Mwaka 1935, pamoja na James Endicott, alitoa kamusi iliyofafanua maneno na nahau zipatazo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi wa kigeni alipata kamusi ambayo fasili zake hazikumtaka aende kutafuta fasili nyingine.

Wazo la msingi la West, basi, halikuwa wingi wa maneno. Lilikuwa swali la haki: katika muda mfupi alio nao maskini huyu, ni maneno gani yatakayomlipa kwanza?

4. Verviers na Tokyo: neno na wenzake

Harold E. Palmer (1877–1949) alifika kwenye swali lile lile kwa njia nyingine. Alianza kufundisha Kiingereza mjini Verviers, nchini Ubelgiji, mwaka 1902, kati ya watu wanaosema Kifaransa, akakaa huko mpaka vita vya 1914. Baada ya kufundisha London, alikwenda Japani mwaka 1922 akiwa mshauri wa mambo ya lugha wa Wizara ya Elimu, na mwaka 1923 taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza ikaanzishwa Tokyo chini ya uongozi wake.

Huko Tokyo orodha kadhaa za maneno zilitungwa. Palmer hakuiabudu hesabu. Aliamini kwamba mwalimu mwenye uzoefu huona mambo ambayo hesabu haiyaoni. Muhimu zaidi, alitambua kwamba neno halitembei peke yake. Mwaka 1933 alitoa taarifa juu ya mafungu ya maneno ya Kiingereza yanayozoea kuandamana, ambayo maana yake au matumizi yake hayawezi kubahatishwa kwa kujua kila neno mbali mbali. Taarifa hiyo ilionyesha kwamba mwanafunzi anaweza kuyajua maneno yote ya sentensi na bado asiielewe sentensi.

Kazi hiyo haikupotea. A. S. Hornby, aliyefanya kazi na Palmer, pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield, walitunga kamusi ya wanafunzi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, wakati Japani na Uingereza zikipigana. Oxford University Press waliitoa upya mwaka 1948. Matoleo yaliyofuata ndiyo kamusi ya wanafunzi inayoitwa kwa jina la Hornby hata leo.

5. Maneno 850 ya Ogden

Wakati West na Palmer wakichagua maneno ya kuanzia, C. K. Ogden wa Cambridge alidai kwamba kuanzia na kumalizia vingeweza kuwa kitu kimoja. Mwaka 1930 alitangaza Kiingereza chake cha msingi chenye maneno 850: majina 600, maneno ya sifa 150, na maneno 100 ya kuendeshea sentensi. Vitenzi vilikuwa 18 tu. Ogden aliamini kwamba maneno hayo yangetosha kwa mazungumzo ya mataifa yote. Winston Churchill aliusifu mpango huo katika hotuba yake ya Harvard, Septemba 1943.

Wapinzani walikuwa wamekwisha kusema. Mwaka 1934 West na wenzake walichapisha mjini Toronto uchambuzi mkali wa mpango wa Ogden. Udhaifu wake mkubwa unaonekana kwa mfano mmoja. Ogden hakuwa na kitenzi cha kuvumilia; lakini alikuwa na maneno matatu, “put”, “up” na “with”, ambayo yakiungana huwa na maana hiyo. Kwa karatasi hakuna neno lililoongezwa. Kwa mwanafunzi limeongezeka jambo zima jipya, kwa kuwa kuweka, juu, na pamoja havimfikishi kwenye kuvumilia. Orodha ilikuwa fupi kwa sababu mzigo ulihamishwa kutoka kwenye idadi ya maneno kwenda kwenye idadi ya maana.

6. New York, London, na orodha ya 1953

Shirika la Carnegie la New York liliwakutanisha wataalamu mjini New York mwezi Oktoba 1934, na London mwaka 1935. Waliokuwamo ni pamoja na West, Palmer, Thorndike na Lawrence Faucett. Taarifa yao ya kwanza ilitoka mwaka 1936. Vita vilichelewesha kazi, na mwaka 1953 West akachapisha orodha iliyorekebishwa, iitwayo A General Service List of English Words, yenye maneno makuu yapatayo 2,000.

Ubora wa orodha hiyo ulikuwa katika hesabu ya maana. Chini ya kila neno, maana zake zilitengwa, na kila moja ikawekewa asilimia ya kutokea kwake. Mwalimu aliweza kuona ni maana ipi ya neno inayostahili kufundishwa na ipi ingoje. Tena hesabu haikuwa mwamuzi wa pekee. Vigezo vingine vilikuwa urahisi wa kujifunza neno, ulazima wake, uwezo wake wa kushika nafasi ya maneno mengine, na kutopendelea mtindo au hisia fulani. Wafaransa nao waligundua upungufu wa hesabu tupu. Georges Gougenheim na wenzake, waliotoa orodha ya Kifaransa cha msingi mwaka 1954 kwa kuhesabu mazungumzo yaliyorekodiwa, waliona kwamba majina ya vitu vya kila siku, yanayojulikana na kila mtu, huweza kukosekana katika hesabu kwa kuwa siku hiyo hayakutajwa.

Katika vigezo vya West, kimoja chastahili kuangaliwa zaidi, nacho ni urahisi. Neno ni rahisi kwa nani? Mtoto wa Dacca, kijana wa Tokyo na kijana wa Verviers hawaoni ugumu mahali pamoja. Orodha moja ya dunia nzima haikuweza kulijibu swali hilo, nayo ilienea kila mahali bila jibu. Ikawa msingi wa vitabu vilivyorahisishwa, na desturi ya kufafanua kwa maneno machache ikaingia katika kamusi ya Longman ya mwaka 1978, iliyotumia maneno 2,000 hivi katika fasili zake.

7. Orodha ya chuo kikuu

Kompyuta ilibadili kazi ya mkono. Kamusi ya COBUILD ya mwaka 1987, iliyoongozwa na John Sinclair katika Chuo Kikuu cha Birmingham, ilitungwa kutokana na mkusanyo wa maandishi na mazungumzo uliohifadhiwa katika mashine, na kuthibitisha kwa mifano mingi jambo lililomshughulisha Palmer: neno hupata maana kwa jirani zake.

Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya msamiati wa kitaaluma. Alihesabu maandishi ya chuo kikuu yenye maneno milioni 3.5, kutoka nyanja nne, yaani sanaa, biashara, sheria na sayansi, kila moja ikiwa na fani saba. Akiyaacha maneno ya orodha ya 1953, alipata koo za maneno 570 zinazotumika katika fani nyingi. Ukoo hapa una maana ya neno pamoja na yale yaliyonyambuliwa kutoka kwake. Koo hizo zilishika kama asilimia 10 ya maandishi aliyoyahesabu, na orodha ya West asilimia 76. Zikijumlishwa, ni asilimia 86. Maana yake ni kwamba mtu aliyezijua orodha zote mbili bado angekutana na neno geni moja katika kila maneno saba. Aidha, tiba na uhandisi havikuwa kati ya fani 28 zilizohesabiwa. Naye Paul Nation, katika utafiti wa mwaka 2006, alikadiria kwamba kusoma riwaya au gazeti bila msaada huhitaji koo 8,000 hadi 9,000.

8. Mwanafunzi wa Kongo mbele ya orodha hizo

Mpango uliozoeleka ni huu: kwanza maneno 2,000 ya kawaida, kisha maneno ya kitaaluma, kisha istilahi za fani. Mpango huu unamfaa mwanafunzi ambaye maneno yote ya Kiingereza yako mbali naye sawasawa. Kijana wa Tokyo alikuwa hivyo. Mwanafunzi wa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani siye.

Koo nyingi kati ya zile 570 zina asili ya Kilatini na Kigiriki, na nyingi ziliingia Kiingereza kwa mlango wa Kifaransa. Anayesoma kwa Kifaransa akiona “concept”, “structure”, “analyse” au “hypothesis” hakutani na mgeni. Sehemu ya orodha inayotajwa kuwa ya juu ndiyo iliyo jirani naye. Huo ni mtaji, na ni kosa kumtaka aungojee mpaka amalize maneno 2,000 ya kwanza. Anaweza kuanza kusoma makala za fani yake mapema, kwa faida ile ile aliyoitaka West: akikatiza masomo, asiondoke mikono mitupu.

Ila mtaji huo una mtego. Maneno yanayofanana kwa sura hayafanani daima kwa maana. “Eventually” ni mwishowe, wakati neno la Kifaransa linalolingana nalo kwa sura, “éventuellement”, ni pengine au ikitokea. “Actually” ni kwa kweli, si kwa sasa. “Sensible” ya Kiingereza ni mwenye busara; ya Kifaransa ni mwepesi wa kuguswa. “Library” ni maktaba, si duka la vitabu. Maneno ya namna hii ni hatari kuliko yasiyojulikana kabisa, kwa sababu msomaji hasimami kuyatafuta katika kamusi. Orodha ya kwanza inayomfaa mwanafunzi wa Kongo ni hii, na haimo katika orodha ya West wala ya Coxhead, kwa sababu inahusu lugha mbili, si moja.

Upande wa pili, maneno mafupi ya kawaida, ambayo orodha za dunia huyaita ya mwanzo, ndiyo yanayomshinda: “get”, “put”, “set”, “take”, “carry”. Kifaransa hakimpi msaada mkubwa hapa. “Tolerate” ataielewa mara moja, na “put up with” itampita. Naye akisoma makala ya sayansi atakuta utafiti “umebebwa nje”, kama atafasiri “carried out” neno kwa neno, badala ya kutekelezwa.

Mahali hapa Kiswahili kina kazi yake. Msemaji wa Kiswahili anajua, bila kufundishwa, kwamba kitenzi kifupi hupata maana kwa kinachokifuata. Katika kupiga simu, kupiga picha, kupiga pasi, kupiga magoti na kupiga hatua, hakuna anayefikiria kipigo. Katika kula kiapo na kula njama hakuna chakula. Anajua pia kwamba kitenzi kimoja huzaa maana kwa viambishi vyake: pata, patia, patana, patanisha, patikana. Kiingereza hupanua kitenzi kwa kukiwekea neno dogo mbele yake. Kiswahili hupanua kwa mwisho wa kitenzi chenyewe au kwa jina linalofuata. Njia hazilingani, wala moja haitafsiri nyingine. Lakini anayezoea kuona “piga simu” kuwa kitu kimoja ana sababu ya kuinakili “carry out” kuwa kitu kimoja, si maneno mawili yenye maana mbili. Jambo ambalo Palmer aliliandikia taarifa nzima mwaka 1933, mwanafunzi huyu analo katika kinywa chake mwenyewe.

Desturi ya kuigonga nguzo moja tu, yaani kuandika neno la Kiingereza na kando yake neno la Kifaransa, humnyima faida hiyo. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili zipo tangu kazi ya Kamati ya Lugha chini ya Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939, hadi kamusi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ya mwaka 1996. Zikitumiwa kwa vitenzi vifupi na mafungu yake, na Kifaransa kikitumiwa kwa msamiati wa kitaaluma, kila lugha itabeba mzigo inaouweza.

9. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba orodha ya maneno ni jibu, na kila jibu lina swali lililolizaa. Thorndike aliulizia mtoto wa Marekani asomaye. West, mtoto wa Bengal atakayeacha shule. Palmer, mwanafunzi wa Japani. Coxhead, mwanafunzi anayesomea fani yake kwa Kiingereza. Kila mmoja alimtazama mwanafunzi wake kwanza, ndipo akahesabu. Waliozipokea orodha hizo mbali na pale zilipotungwa mara nyingi walizichukua hesabu na kuliacha tazamo.

Kazi inayozingoja idara za Kiingereza na za Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kongo, basi, si kuzikataa orodha hizo, maana zimetungwa kwa uaminifu na zimewafaa wengi. Ni kuzipanga upya kwa ajili ya mwanafunzi mwenye Kifaransa na Kiswahili: maneno ya kitaaluma yaje mapema, yale yanayodanganya kwa sura yatengwe na kufundishwa peke yake, na vitenzi vifupi vifundishwe pamoja na wenzao, kwa muda mrefu na kwa kurudiwa. Kazi hiyo haihitaji mashine kubwa. Yahitaji walimu wa idara hizo mbili waketi meza moja, wakiwa na madaftari ya wanafunzi wao mbele yao, na waandike mahali hasa wanafunzi hao wanapojikwaa.